Nani Aliwafuta Watu wa Mto Nile?

Kuna picha yangu moja wengi wenu mnaijua. Ile ya Ziwa Victoria, Dunga, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Maji yametulia, mstari mmoja wa magugu maji, anga nyeupe, basi. Ndiyo picha yangu iliyopata laiki nyingi kuliko zote tangu nianze hii kazi. Kuna mtu hata alinilipa nimchapishie aiweke sebuleni, na hiyo pesa ndiyo ililipa nyumba mwezi huo, kwa hivyo siwezi kuiongelea vibaya.

Kitu sijawahi kuwaambia ni kwamba ndani ya hiyo picha kulikuwa na mtu. Alikuwa kwa mashua upande wa kushoto, anakung'uta wavu. Nikamfuta. Nilimzungushia kidole, nikabonyeza, simu ikafikiria kidogo, akaisha. Niliona ananiharibia picha.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Dunga tena, nakula samaki, na yule mzee akanitambua. "Omera, ile picha ulinipiga iko wapi?" Mimi na furaha yangu yote nikatoa simu. Akaivuta kwa vidole viwili. Akasogeza kushoto, akasogeza kulia, akarudi kushoto.

"Na mimi niko wapi?"

Manze. Nikacheka kile kicheko cha mtu aliyeshikwa, nikamwambia sijui nini kuhusu simu, nikalipa samaki nikaenda. Lakini hilo swali lilinifuata mpaka nyumbani. Na mnajua mtu aliyeacha chuo akianza kusoma kitu chake mwenyewe, hakuna wa kumwambia muda umeisha. Nilitaka kujua hii tabia yetu ya kupiga maji kama mahali pasipo na watu ilitoka wapi. Ukiangalia kurasa za wapiga picha tunaowapenda, ni hivyo hivyo: mto, ukungu, mti mmoja, kimya. Nilifuata hiyo njia nyuma, nyuma kabisa, nikajikuta kwa Mto Nile, mwaka 1854, naangalia picha za msee wa miaka 22.

Anaitwa John Beasly Greene. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1832, wazazi Wamarekani, baba yake mtu wa benki. Ninataja benki mapema ili mjue kamera ilikuwa mikononi mwa nani enzi hizo. Alijifunza upigaji picha Paris kwa Gustave Le Gray, mwalimu ambaye nusu ya majina makubwa ya wakati huo yalipitia kwake. Mwaka 1853 akaenda Misri, akapanda Nile kwa mashua hadi Nubia, na 1854 albamu yake ikatoka, imechapishwa Lille, picha 94, inaitwa Le Nil. Mimi nikiwa 22 nilikuwa napiga picha za keki kwa sherehe za watu.

Picha nyingi za hiyo albamu ni mahekalu na maandishi ya kale, kwa sababu Greene alikuwa msomi wa mambo ya kale ya Misri, na safari yake ya pili alikwenda kuchimba Medinet Habu. Lakini ziko zingine ambazo hazina hekalu. Kuna moja ya ukingo wa mto pale Thebes ambayo nimeiangalia mpaka macho yakauma. Chini ni maji, hayana hata wimbi. Juu ni anga, haina hata wingu. Katikati kuna uzi mwembamba wa ardhi na mitende, kama mtu ameweka rula akachora mstari halafu akachoka. Hakuna kingine. Ukiiposti leo bila tarehe, watu wataweka moto kwa komenti na kuuliza umetumia filta gani.

Filta ilikuwa kemikali, na hapa ndipo nilianza kumsamehe kidogo.

Greene hakutumia kioo wala filamu. Alitumia karatasi. Karatasi ya kawaida inapakwa nta ya moto hadi ipenye, inalowekwa kwa chumvi za iodini, halafu kwa fedha, maana fedha ndiyo inayohisi mwanga. Njia hii Le Gray aliitangaza mwaka 1851 na ilikuwa poa kwa wasafiri, kwa sababu unaweza kutayarisha karatasi zako mapema, ukabeba kama daftari, ukapiga leo na kuosha baadaye. Shida ni kwamba karatasi hiyo ilikuwa pole sana. Hata kwa jua la Misri unafungua lenzi na kungoja dakika kadhaa. Ndani ya hizo dakika kila kinachosogea kinapotea au kinabaki kivuli. Mawimbi yanalainika yanakuwa kama maziwa. Mashua ikipita, haijapita. Mama akija kuchota maji, akajaza mtungi, akajitwisha, akaondoka, picha haimjui.

Na anga? Hizo kemikali zilikuwa zinahisi mwanga wa bluu kupita kiasi na nyekundu karibu hazioni. Anga ya bluu ilikuwa inachoma karatasi mapema kabla ardhi haijamaliza kuonekana, kwa hivyo ikichapishwa inatoka nyeupe tupu. Kila mpiga picha wa wakati huo aliijua hii shida. Le Gray mwenyewe alipopiga bahari miaka ya katikati ya 1850 aliamua kupiga mara mbili, moja ya maji na nyingine ya mawingu, halafu akaziunganisha kwa picha moja. Wale mnaosema kuediti ni ushamba wa kizazi chetu, samahani, mmechelewa zaidi ya miaka 160.

Greene yeye aliacha anga ilivyo. Nyeupe. Halafu akaitumia. Huo ndio uamuzi unaonifanya nimheshimu: wengine waliona kasoro, yeye akaona nafasi, akapanga ile picha yake yote kuizunguka hiyo nafasi. Ile picha ya Thebes ni safi hadi leo. Sitaki mtu asome hapa akafikiri nimekuja kumchoma Greene.

Lakini.

Kemikali haiwezi kubeba lawama zote, kwa sababu mtu akiambiwa asimame, anasimama. Na kuna mtu aliambiwa.

Miaka minne kabla ya albamu ya Greene, mwanafunzi mwingine wa Le Gray alikuwa ameshapita huo mto. Maxime Du Camp, Mfaransa, alisafiri kuanzia mwisho wa 1849 pamoja na rafiki yake Gustave Flaubert, yule ambaye baadaye alikuwa mwandishi mkubwa. Serikali ya Ufaransa ilimpa Du Camp kazi ya kupiga picha majengo ya kale. Kitabu chake kilitoka 1852 na picha 125, na ni kati ya vitabu vya kwanza kabisa vya safari kuwa na picha za kamera za kweli badala ya michoro.

Sasa ukipiga sanamu kubwa la Abu Simbel, mtu aliye Paris atajuaje ukubwa wake? Unahitaji kitu cha kupimia. Du Camp alimtumia baharia mmoja wa mashua yake, Mnubi, Hajji Ismail. Alikuwa anampandisha juu ya mawe, juu ya nguzo, mara juu ya kichwa cha farao, na kumwambia akae hapo. Ukiangalia hizo picha leo unamwona, mdogo kama sisimizi, karibu uchi, amekunja mikono au amekaa. Bila yeye hizo picha hazina maana, hujui unaangalia jiwe la mita mbili au ishirini.

Na alikaaje bila kutingisha dakika zote hizo? Du Camp mwenyewe alieleza kwa maandishi, na unaona kabisa anajisifu. Alimwambia Hajji Ismail kwamba lile bomba la shaba linalotokeza mbele ya kamera, yaani lenzi, ni mzinga. Akisogea tu, utamfyatulia risasi. Kwa hivyo jamaa akaganda.

Nilisoma hiyo sehemu usiku, nikaweka simu chini.

Kwa sababu kuna mambo mawili hapo. La kwanza, huyo mtu alikuwa baharia. Hiyo safari yote ilitembea kwa mikono ya watu kama yeye. Upepo wa Nile huvuma kutoka kaskazini, kwa hivyo kupanda mto unatumia tanga, na upepo ukikata mabaharia wanashuka kwenye ukingo na kuivuta mashua kwa kamba, wanatembea kwenye huo huo ukingo ambao kwa picha hauna mtu. Kurudi, mkondo unakubeba na wao wanapiga makasia. Wazungu walikuwa juu wanaandika barua. La pili, kwenye hizo picha Hajji Ismail hakupigwa picha. Alitumiwa kama rula. Ni mmoja wa Waafrika wa kwanza ambao kamera imetuachia sura yao na jina lao pia, halafu yuko pale kwa uongo, akiogopa kufa.

Sijui kama ni haki kusema hivi, lakini naona Hajji Ismail ana nafuu kuliko mzee wangu wa Dunga. Yeye angalau yupo.

Baada ya hapo akaja Mwingereza, Francis Frith, kati ya 1856 na 1860, safari tatu. Huyu alileta vioo na kemikali ya kolodioni, ambayo ni ya haraka kuliko karatasi lakini lazima uitumie ikiwa bado mbichi. Ndani ya hema lake jangwani joto lilikuwa kali mpaka kolodioni inachemka. Alikuwa na gari lililofunikwa kila upande lisipenye mwanga, la kutayarishia vioo, na aliandika kwamba wenyeji walidhani amewaficha wake zake ndani. Wenyeji hapo wanaingia kwenye stori kama kichekesho, halafu wanatoka. Frith alirudi Uingereza akafungua kampuni ya kuuza picha, ikakua ikawa kubwa mno. Ile Nile ya mahekalu na kimya ikaingia kwenye sebule za watu ambao hawangewahi kufika Misri, na hiyo ikawa ndiyo Nile.

Turudi kwa ile picha ya Thebes ya Greene, maana niliirudia nikijua hayo yote, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Ile mitende. Nilikuwa nimeichukulia kama msitu, miti iliyojiotea. Lakini mtende wa Nile ni shamba. Mtu ameupanda, kila mwaka mtu anaukwea kuuchavusha kwa mkono ili uzae, na enzi hizo serikali ya Misri ilikuwa inatoza kodi ya mitende, kwa kuhesabu miti. Kwa hivyo kila mti kwenye ule uzi mwembamba ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa anadaiwa. Hata ukingo. Nile ilikuwa inafurika kila mwaka, na zile kingo na mifereji zilishikiliwa na wakulima wenye majembe, wengi wao wakilazimishwa kufanya kazi bila hiari. Mfereji wa Mahmudiyya unaounganisha Nile na Alexandria ulichimbwa hivyo kufikia 1820, na watu walikufa kwa maelfu.

Kumbe hiyo picha imejaa watu. Ni vile tu hawana nyuso.

Kuna mtu ataniuliza, sasa ni nini, ni picha za zamani. Hiyo ndiyo sehemu iliyonikalisha wiki nzima. Kusini mwa Aswan, kwenye nchi ya Wanubi, zile kingo za mto ambazo Du Camp na Greene walizipiga leo hazipo. (Si hawa Wanubi wetu wa Kibra, ingawa jina ni moja. Mababu wa hao wa Kibra waliletwa kama wanajeshi kutoka Sudan, hiyo nitaiandika siku nyingine.) Bwawa la kwanza la Aswan lilikamilika 1902, likainuliwa mara mbili, na kila mara likimeza vijiji na mitende zaidi. Halafu likaja lile kubwa, kati ya 1960 na 1970. Ziwa lake ni refu kama kutoka Nairobi hadi Mombasa na zaidi. Takriban watu laki moja, Misri na Sudan pamoja, walihamishwa. Wa Misri walipelekwa Kom Ombo, wa Wadi Halfa kule Sudan wakapelekwa Khashm el-Girba, mbali kabisa na Nile.

Mahekalu nayo? Mwaka 1960 UNESCO iliita dunia nzima ichange. Na dunia ikachanga. Abu Simbel ilikatwa vipande kwa misumeno, ikapandishwa juu ya mlima karibu mita 65 kutoka ilipokuwa, ikaunganishwa tena, kazi ikaisha 1968. Sanamu ambalo Hajji Ismail alikaliwa kichwani akiogopa mzinga likaokolewa, tena vizuri. Vijiji vya Wanubi, watu wa Hajji Ismail, vikazama.

Siwezi kuwaambia kwamba picha ndizo zilisababisha. Bwawa lilikuwa na sababu zake, umeme, mashamba, mafuriko, na Wamisri wengi wanalihitaji hadi leo. Lakini jiulize mtu wa London au New York mwaka 1960, akisikia neno Nubia, alikuwa anaona nini kichwani. Alikuwa ameonyeshwa nini kwa miaka 110? Mawe, mto, na anga nyeupe. Mawe yanazama, lazima tufanye kitu. Kuhusu nyumba zenye sahani zimebandikwa ukutani juu ya mlango, makaburi ya mababu, na mitende ya mtu aliyelipia kodi, hakuna picha iliyokuwa imemwandaa kulia.

Na hilo si jambo la mbali na sisi. Maji ya Dunga hutoka ziwani pale Jinja, yanaingia Nile, yanaenda. Sitawadanganya kwamba yale maji ya Greene ni ya Kisumu, karibu asilimia 85 ya maji yanayofika Misri yanatoka milima ya Ethiopia, ya kwetu ni kidogo na mengi hukaukia njiani kwenye vinamasi vya Sudan Kusini. Lakini kidogo kinafika. Greene alipoweka kamera yake 1854, Wazungu walikuwa bado wanabishana Nile inaanzia wapi. Watu wa Nam Lolwe walikuwa wanavua, hawana habari kwamba wamepotea kwenye ramani ya mtu.

Nilitafuta ile picha yangu ya mwanzo. Simu huwa inaweka asili mahali, ukijua pa kubonyeza. Nikarudisha. Yule mzee akatokea upande wa kushoto, amesimama kwa mashua, mikono juu, wavu umefunguka na matone ya maji yamemzunguka. Si picha mbaya. Kusema ukweli kabisa, ile tupu bado naona imetulia zaidi, na najua ni hiyo ingeuzika. Sijui nifanye nini na hiyo hisia.

Jumamosi nikaenda Dunga. Nikamkuta amekaa chini ya mti na wenzake, nikawasalimia wote, nikampa simu. "Jaduong', uko hapa."

Akajiangalia kwa muda. Akawapitishia wenzake, wakacheka kwa Kijaluo, sikushika yote.

"Na ile nyingine, uliiuza?"

"Niliiuza."

"Pesa ngapi?"

Nikamwambia. Akapiga hesabu kichwani, naona alikuwa anaibadilisha kuwa ndoo za omena.

"Sawa," akasema. "Hiyo mimi sikuwa ndani, hakuna deni." Halafu akaivuta tena hii ya pili, akaleta uso karibu na kioo. "Lakini hii usiuze. Umenipiga na wavu umeraruka. Njoo Jumanne, nitakuwa nimeushona."